Jinsi ya Kufufua Sehemu ya Ndani ya Pikapu au Stesheni Wagoni ya Zamani Ukiwa Nyumbani

Mtu aliyenunua pikapu ya zamani kwa kawaida huanza kwa kuulizia rangi ya kitambaa cha viti, na hapo ndipo kazi huenda kombo kabla hata skrubu moja haijafunguliwa. Kiti kilichochanika hakijawahi kuliua gari. Kinacholiua ni maji yanayopenya pembeni mwa kioo cha mbele, yakateremka nyuma ya dashibodi na kulala chini ya zulia msimu baada ya msimu, hadi siku moja kisigino cha dereva kikadidimia kwenye bati la sakafu kama kilichokanyaga biskuti. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio ambao wengi huugeuza: maji kwanza, bati baadaye, na kitambaa mwisho kabisa.

Nami niliujua mpangilio huo kwa hasara. Stesheni wagoni ya kwanza niliyoishughulikia niliitandikia zulia jipya kabla ya kuchunguza maji yanaingilia wapi. Baada ya mvua tatu nililazimika kulivua lote, nalo lilikuwa limeshika harufu ya ukungu ambayo haikutoka hata baada ya kulianika juani kwa siku nne.

Kabla ya kufungua chochote

Tenga siku nzima kwa ajili ya picha na maandishi. Piga picha kila kona ya kebini kwa mbali na kwa karibu, hasa pale vitu viwili vinapokutana: jinsi ukingo wa dari unavyoingia chini ya raba ya kioo, jinsi nyaya zinavyopita nyuma ya mita ya mwendo, na jinsi zulia linavyokunjwa kwenye kizingiti cha mlango. Skrubu za ndani ya gari hufanana kwa macho lakini hutofautiana kwa urefu, na skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi inaweza kukwaruza kioo cha mlango kinaposhuka au kutoboa waya usioonekana. Kila kundi la skrubu liingie kwenye mfuko wake wa plastiki wenye maandishi kamili. Kuandika “milango” hakutoshi. Andika “mlango wa kushoto, kishikio cha mkono, skrubu ya mbele ndiyo ndefu”. Leo maneno hayo yataonekana ya kupita kiasi, lakini baada ya miezi mitano utayashukuru.

Usitupe kitu chochote mpaka gari litakapokamilika. Kitambaa kilichooza, hadibodi iliyovimba kwa maji na kipande cha zulia kilichobaki nyuzi tupu ni vielelezo utakavyokatia vipya, na hakuna vipimo vya kalamu na rula vinavyoweza kuchukua nafasi yake.

Usalama nao una mambo yake ambayo hayapo katika kazi za kawaida za karakana. Ondoa waya hasi wa betri kwanza. Kisha ujue tangi la mafuta liko wapi, kwa sababu katika magari haya si lazima liwe chini ya gari. Pikapu nyingi za Marekani za kabla ya 1973, kwa mfano Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972, zina tangi la petroli ndani ya kebini, nyuma ya mgongo wa kiti, na katika Land Rover Series fupi, zile zenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, tangi liko chini ya kiti cha mbele. Kusiwe na kuchomelea, kusaga bati wala kutumia kipulizia hewa moto humo kabla tangi halijafunguliwa na kupelekwa mbali. Kulimwaga tu hakutoshi, kwa kuwa mvuke wa petroli uliobaki ndani ya tangi tupu ndio unaolipuka kwa urahisi zaidi.

Gari lililolala muda mrefu karibu kila mara limewahi kuwa nyumba ya panya. Kinyesi chao kikavu kisifagiliwe wala kisivutwe kwa mashine ya kufyonza vumbi, kwani vumbi lake linaweza kubeba virusi vya hanta. Kinyunyizie mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu tisa za maji, subiri angalau dakika tano, kisha ukifute kwa karatasi ukiwa umevaa glavu na barakoa. Tahadhari kama hiyo iende pia kwa mabamba ya kuzuia joto yaliyobandikwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na kebini, kwa kuwa baadhi ya magari ya zamani yaliwekewa yenye asbesto. Yasikwanguliwe yakiwa makavu, na kama hujui yametengenezwa kwa nini, yachukulie kuwa ni asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo zipigwe msasa wa maji.

Kuvua

Anza na viti, kisha mikanda, vizingiti, zulia, paneli za milango, dashibodi, na dari iwe ya mwisho. Bolti za viti hupata kutu upande wa chini wa gari, mahali usipopaona ukiwa ndani. Ziloweshe mafuta ya kulegezea kutokea chini siku moja kabla, na usafishe nyuzi zake zilizochomoza kwa brashi ya waya, la sivyo bolti itakatika au nati iliyochomelewa itang'oka na kuzunguka bure.

Mpini wa kupandishia kioo ndio unaowashinda wanaoanza, kwa sababu katika magari mengi hauna skrubu inayoonekana. Umeshikwa na klipu ya waya yenye umbo la kwato ya farasi, iliyojificha kati ya mpini na bamba lake. Chukua kitambaa chakavu cha pamba, kiingize nyuma ya mpini, ukivute kwa mikono miwili kulia na kushoto kama mtu anayeng'arisha kiatu, huku ukikisogeza polepole kuzunguka shina la mpini. Nyuzi za kitambaa zitanasa ncha za klipu na kuisukuma nje. Klipu hiyo huruka kweli, kwa hiyo vaa miwani na utandike blanketi sakafuni, maana ikiangukia zege hutaiona tena.

Paneli ya mlango isivutwe kutoka kwenye kona. Hadibodi ya zamani ni kavu na huvunjika kuzunguka matundu ya klipu, na tundu likishavunjika klipu haina pa kushika. Ingiza kibao chembamba karibu kabisa na kila klipu, uing'oe moja baada ya nyingine. Nyuma ya paneli utakuta karatasi yenye lami au plastiki iliyobandikwa kwenye bati, mara nyingi ikiwa imechanika vipande. Usidhani ni takataka za kiwandani. Ina kazi kubwa, nitairudia.

Kutafuta maji

Kebini ikiwa tupu hivyo, ndipo wakati wa kulilowesha gari kwa makusudi. Kazi hii inataka watu wawili, mpira wa kumwagilia bustani na subira. Mmoja aketi ndani akiwa na tochi. Mwingine amwage maji nje bila nguvu, akianzia chini karibu na kizingiti na kupanda polepole, akiipa kila sehemu dakika tatu au nne kabla ya kuhamia nyingine. Anayeanzia juu ya paa hulowesha kila kitu kwa pamoja, na tone linapoonekana ndani hawezi kujua limetoka wapi. Aliye ndani asitazame tone linapoangukia, bali aufuate mkondo wake kwa tochi hadi mahali unapoanzia, kwa kuwa maji yanaweza kuingilia kona ya kioo na kutokea karibu na pedeli ya klachi.

Washukiwa wa kawaida wanajulikana. Raba ya kioo cha mbele hukakamaa na kupasuka kwenye pembe za chini. Mfereji wa hewa ulio chini ya waipa hujaa majani makavu, nayo hugeuka udongo mweusi unaoshika unyevu juu ya bati mwaka mzima. Huo usafishwe mpaka maji yamwagwayo juu yatoke chini bila kusita. Matundu ya chini ya milango huziba, mlango ukageuka ndoo. Na kama unyevu uko upande wa abiria tu, ni mtamu kunusa na unaacha utando wa mafuta kwenye kioo, huo si wa mvua bali ni maji ya kupozea injini yanayovuja kutoka kwenye rejeta ndogo ya hita.

Stesheni wagoni ina mahali pa ziada pa kutazama, nako ni kuhusu uhai zaidi kuliko zulia. Gari hilo linapokwenda, hewa nyuma yake hubaki na mgandamizo mdogo, na hewa hiyo huvuta moshi wa ekzosi kuurudisha kwenye mlango wa nyuma. Raba ya mlango huo ikiwa imebonyea au kioo chake kikiachwa wazi, kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, huingia ndani pamoja na moshi. Chukua ukanda wa karatasi, ufungie mlango juu yake, kisha uuvute. Ukitoka bila ukinzani, raba haibani hapo. Zunguka ukingo wote hivyo, kila upana wa kiganja, na usibanie pesa ya raba mpya.

Sakafu

Gonga sakafu yote kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia kwa sauti kali, na bati lililooza hutoa sauti iliyokufa. Ukiisikia hiyo, geuza bisibisi ubonyeze kwa ncha. Ikipenya, hakuna dawa ya kutu itakayokusaidia. Kata hadi ulifikie bati zima, kisha uchomelee kiraka, au umwite mchomeleaji kama huna mashine. Faibaglasi na riveti juu ya sakafu iliyooza ni kificho, na penye bolti za viti au za mikanda ni hatari.

Kutu ya juu juu ni rahisi zaidi. Isugue kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye drili, malizia kwa msasa namba 80, paka dawa ya asidi ya fosfori katika vishimo vilivyobaki, na uisafishe au uiache kama maelezo ya chupa yanavyosema, kwa kuwa dawa hizo hazifanani. Ikikauka, paka praima ya epoksi, kisha silanti kwenye maungio yote ya mabati, kisha rangi. Ile rangi nzito ya mpira inayopakwa chini ya magari isipakwe juu ya kutu, kwani hufungia unyevu ndani na bati likaendelea kuoza bila kuonekana.

Baada ya rangi huja mabamba ya kupunguza mtetemo. Chagua yenye mpira wa butili na karatasi ya alumini juu. Mabamba ya lami yaliyotengenezwa kwa ajili ya paa la nyumba yana umbo hilohilo, lakini hulainika kwa joto na kuijaza kebini harufu ya barabara mpya. Huhitaji kufunika bati lote: bamba la butili hufanya kazi kwa kuzuia bati lisitetemeke, na kufunika kama robo ya eneo, katikati ya sehemu zilizo bapa, huleta sehemu kubwa ya faida. Joto ni jambo jingine. Kulizuia kunataka tabaka kamili la sponji isiyofyonza maji, hasa juu ya gia boksi na mahali bomba la ekzosi linapopita. Vizibo vya sakafu na matundu ya kutolea maji visifunikwe na tabaka hizo.

Nyaya

Hapa nitapita haraka, ingawa wakati wenyewe usiupite. Sasa ndipo nyaya zinapofikika. Waya ambao ngozi yake inakatika ukikunjwa ubadilishwe kwa unene uleule, fyuzi zirudi kwenye kiwango chake cha asili, na balbu zote za nyuma ya mita zibadilishwe hata kama zinawaka. Sehemu moja huwasumbua waliopaka rangi nzuri: nyaya za athi, zile zinazorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi la gari, hufungwa kwenye bati tupu, na rangi mpya ikilifunika bati hilo, taa na mita zitaleta vituko ambavyo fundi umeme anaweza kuvitafuta wiki nzima. Kwangua rangi chini ya kila skrubu ya athi.

Dari

Dari hutangulia vitu vingine vyote katika kurudisha, na kama vioo vya mbele na nyuma vimetolewa, isubiriwe ikamilike kabla ya kuvirudisha, kwa sababu katika magari mengi kingo zake huingia chini ya raba za vioo.

Ziko aina mbili. Ya zamani zaidi ni kitambaa kilichoshonewa mifereji, na ndani ya kila mfereji hupita ufito wa chuma unaokishikilia kitambaa juu. Fito hizo hazilingani: kila mmoja una mkunjo wake kulingana na paa lilivyo mahali hapo. Zifunge utepe wenye namba kuanzia mbele, pamoja na alama ya upande wa kushoto, kabla hujazichomoa, na usafishe kutu yake yote kwa sababu itachora mistari ya kahawia kwenye kitambaa kipya. Tandaza dari mpya juani kwa muda ili mikunjo ya kufungashia ilegee. Ipachike kuanzia ufito wa katikati, ivute kwenda mbele na nyuma, na ndipo uivute kwenda pembeni, huku ukiishikilia kwa vibanio vya karatasi kabla ya kutia gundi. Stesheni wagoni, kwa urefu wa paa lake, hukosesha uvumilivu hapa. Kila ukivuta upande mmoja, mkunjo hutokea upande mwingine. Sogeza vibanio kidogo kidogo. Mikunjo midogo iliyobaki huondoka kwa mvuke wa pasi ulioshikwa mbali kidogo na kitambaa. Tundu la taa usilitoboe mpaka kila kitu kimekaza; lipapase kwa vidole, kata msalaba mdogo, na uupanue kwa kadiri inavyohitajika.

Aina ya pili ni ubao mwepesi uliobandikwa kitambaa chenye sponji nyembamba. Dari hii inaponing'inia, watu huilaumu gundi na kuipiga pini au kuidunga gundi mpya. Kilichoshindwa kwa kawaida ni sponji, iliyosagika ikawa unga, na hakuna gundi inayoshika unga. Toa ubao wote, upanguse kwa brashi laini hadi kusiwe na chembe ya sponji, kisha laza kitambaa kipya juu yake na ukunje nusu yake nyuma. Pulizia gundi kwenye ubao na kwenye mgongo wa ile nusu, subiri inate bila kulowesha kidole, na ulaze kitambaa kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Ndipo uifanye nusu ya pili. Gundi lazima iwe ya kustahimili joto kali la chini ya paa, ambalo gari likiegeshwa juani linaweza kupita nyuzi 70 za selsiasi. Gundi ya kawaida ya ufundi wa karatasi itaachia msimu wa kwanza wa joto.

Dashibodi na usukani

Dashibodi ya bati ni kazi ya rangi tu, ila uso wake wa juu upakwe rangi isiyong'aa ili jua lisirudi machoni kupitia kioo. Ile yenye sponji iliyofunikwa vinili ndiyo yenye maneno mengi. Nyufa zake zinaweza kukatwa ziwe na umbo la herufi V, kujazwa kijazio kinachonyumbulika, kupigwa msasa na kupakwa rangi ya vinili. Resini ya faibaglasi haifai peke yake kwa sababu ni ngumu, nayo sponji hutanuka na kusinyaa, hivyo ufa hurudi pembeni mwa kiraka. Hata ikifanywa vizuri, kazi hii huacha sehemu laini isiyofanana na mchoro wa vinili. Kwa nyufa moja au mbili nitajaza. Kwa dashibodi iliyopasuka kama shamba la kiangazi nitatafuta kifuniko kipya. Kabla ya rangi yoyote, safisha mara mbili kwa kiondoa nta na grisi, kwani dawa za kung'arisha zenye silikoni zilizopakwa miaka iliyopita huikataa rangi na kuifanya itoke vijishimo kama macho ya samaki.

Usukani unapong'olewa kwa chombo cha kuvutia, legeza nati ya katikati lakini iache imeshika nyuzi tatu nne. Usukani uliokwama huachia ghafla, na pasipo nati hiyo huishia usoni mwako. Nyufa za usukani mgumu hupanuliwa kwa kijisumeno, hujazwa epoksi ya kukanda, na kupigwa msasa kuanzia namba 120 hadi 400 kabla ya praima na rangi.

Viti

Sasa tumefika mahali ambapo wengi walitaka kuanzia. Kata vipete vya chuma vinavyolishika ganda la kiti, ulivue bila kulichana zaidi, na utazame kilicho chini yake. Magari haya hutumia springi za mviringo zilizofungwa pamoja, au springi za waya uliokunjwa kama nyoka na kupitishwa kutoka mbele hadi nyuma. Springi iliyokatika isichomelewe, kwa kuwa joto huua unyumbukaji wake na itakatika tena kando ya mahali palepale, ibadilishwe. Fremu ikishasafishwa na kupakwa rangi, tandika gunia zito au kitambaa kigumu juu ya springi na ulifunge, kwani bila hilo waya utaila sponji mpya kama kisu.

Juu ya gunia, mafundi wa zamani waliweka singa za farasi, pamba, au makumbi ya nazi yaliyogandishwa kwa mpira. Makumbi yaliyo mazima yanafaa kuachwa, kwa sababu hupitisha hewa kuliko sponji. Yakimwaga unga ukiyatikisa, umri wake umekwisha. Sponji ya kukalia iwe nzito, ya mgongo iwe laini kidogo, na zote zikatwe kubwa kuliko fremu kwa kama sentimita moja ili ganda likae limejaa.

Kuhusu kitambaa, nashauri dhidi ya vile vya makochi ya sebuleni, hata vikiwa maridadi. Havikutengenezwa kustahimili jua la kwenye vioo, na vingi havikupimwa jinsi vinavyoungua. Kanuni ya usalama wa magari ya Marekani nambari 302, iliyoanza kutumika 1972, inataka vifaa vya ndani ya gari visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Ulizia kitambaa au vinili iliyopimwa kwa kanuni hiyo.

Ukinunua ganda lililoshonwa tayari kwa ajili ya gari lako, kazi itakuwa ya kulivalisha tu. Ukiamua kushona, fumua nusu moja ya ganda la zamani na uiache nusu nyingine nzima, ili ukisahau jinsi vipande vinavyokutana uwe na pa kutazama. Kabla ya kufumua, piga alama za kalamu zinazokatiza kila mshono, moja kila sentimita kumi. Alama hizo ndizo zitakazokuambia kama upande uliopinda umeshonwa sawa na ulionyooka, maana vipande viwili vinavyokutana kwenye kona havina urefu mmoja hata kidogo. Chora vipande kwenye kadibodi, ongeza milimita 12 za mshono pale tu ambapo za zamani hazionekani, na uandike upande wa juu wa kila kipande.

Tumia uzi mzito wa poliesta, ambao hustahimili jua kuliko nailoni, na sindano namba 18. Urefu wa mshono uwe milimita tatu na nusu hivi. Mishono mifupi hutoboa vinili kama stempu, ikachanika kwenye mstari huo. Cherehani ya nyumbani inaweza kupita tabaka mbili za vinili bila kulalamika. Shida huja kwenye pembe ya mbele ya kiti, ambapo tabaka mbili za ganda hukutana na mbili za utepe unaofunika kamba ya pindo, na hapo sindano hupinda, uzi ukaruka, au mashine ikasimama kabisa. Zungusha gurudumu kwa mkono kwenye mishono hiyo michache, au upunguze ukingo wa utepe kwa mkasi ili tabaka zipishane. Jaribu kwanza kwenye mabaki, ukipanga tabaka zilezile.

Siku ya kuvalisha, weka ganda juani hadi lilainike. Tandaza plastiki nyembamba juu ya sponji ili vinili iteleze badala ya kung'ang'ania. Pindua ganda ndani nje, linganisha katikati yake na katikati ya fremu, na ulikunjue kama soksi juu ya kisigino. Vipete vya chuma vianzie katikati ya ukingo wa nyuma na kuenea pembeni, halafu mbele, kwa koleo lake maalumu. Koleo la kawaida huviachia na kuchana kitambaa. Simama mbali kidogo utazame kama mishono imenyooka kabla ya kukaza vya mwisho. Kiti kirefu cha pikapu huonyesha upotovu wa nusu sentimita waziwazi, kwa kuwa hakuna kitu katikati cha kuuficha.

Milango, zulia na mikanda

Paneli mpya hukatwa kwa hadibodi ya milimita tatu, kwa kuifuata ile ya zamani, matundu yake yote yakiwamo. Paka vanishi pande zote mbili na hasa kwenye kingo, kwa kuwa ndizo zinazofyonza maji na kuvimba. Kisha rudi kwenye ile plastiki niliyoiahidi. Maji huingia ndani ya mlango kila mvua inaponyesha, kupitia pembeni mwa kioo, na hayo si kasoro. Yamewekewa matundu ya kutokea chini. Plastiki ndiyo inayoyazuia yasiguse hadibodi. Ibandike juu na pembeni, lakini ukingo wake wa chini uingize ndani ya uwazi wa bati la mlango, ili tone linaloteremka juu yake lirudi mlangoni. Ukiubandika ukingo huo nje, unayapeleka maji moja kwa moja kwenye zulia jipya.

Kwa pikapu inayobeba mizigo kweli, mimi hupendelea mkeka wa mpira kuliko zulia, na pikapu nyingi za bei ya chini zilitoka kiwandani nao. Ukitaka zulia, lipashe moto juani, lilaze kwanza juu ya mwinuko wa gia boksi, na uteremke nalo pande zote mbili. Matundu ya bolti yasitobolewe kwa drili, kwani ncha yake hunasa uzi mmoja na kuufumua hadi mlangoni. Tafuta tundu la bati kwa msharasi kutoka chini, kisha kata kwa kisu au uchome kwa chuma cha moto.

Mikanda ya zamani isitiwe rangi wala dawa ya kung'arishia nguo, kwani nyuzi zake hudhoofika, ibadilishwe. Mkanda wa nukta tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo na kuingia kwenye magari mwaka 1959, lakini pikapu nyingi za miaka iliyofuata ziliendelea kutoka bila mkanda wowote. Ukiweka mahali ambapo haukuwapo, bolti ipite kwenye bamba nene la chuma upande wa chini wa sakafu, si kwenye bati tupu lenye washa.

Viti hurudi mwisho. Viache vioo wazi kwa siku kadhaa ili harufu ya gundi ipungue, na baada ya kilomita mia chache rudi na spana uzikaze tena bolti zote za viti, kwa kuwa zulia jipya na sponji iliyo chini yake hubonyea, na bolti iliyokuwa imekaza itakuwa imelegea.